Blanketi la Injini

3 Oktoba

Mvua bado. Mawingu yamekaa juu ya vilima vya Kilungu tangu Jumapili, yanatutazama tu. Nimepanda maharagwe kwenye matuta ya juu kwa imani. Ya chini nitangoja.

Daktari wa Makueni aliniambia niwe naandika kila siku jinsi mwanangu Mwau anavyopumua, ili tukirudi kliniki asome. Nimenunua daftari hapa Nunguni. Lakini mimi nimefundisha Kiswahili shule ya msingi mpaka nikastaafu, siwezi kuandika "kikohozi, kidogo" halafu nikafunga. Basi, kwa leo: kikohozi kidogo. Amekula nusu sahani ya isyo, mahindi na maharagwe yetu ya kuchemsha. Mchana alikaa mlangoni na mpira wa oksijeni puani akitazama barabara. Nikamuuliza anamngoja nani.

"Mgeni, mwaitu," akasema. Ndivyo anavyoniita mama, kwa Kikamba chetu. "Usikasirike."

6 Oktoba, Jumapili

Sikwenda kanisani. Mgeni alifika jana na lori la mbuzi, na mbuzi walikuwa bado ndani.

Ni Ismahan, mjane wa Kusow. Lori ni la shemeji yake Abdille, mfanyabiashara wa mifugo wa Garissa, ambaye pia ndiye mwenye ndege. Lazima niandike habari ya ndege, ingawa nimejizuia tangu Machi.

Kusow alikuwa rubani na mwanangu alikuwa fundi wake. Walibeba mizigo, dawa na vitabu vya shule, kwenda kaskazini mashariki. Siku ile hewani bomba la kutolea moshi wa injini lilipasuka ufa. Moto ukatoka pale kama wa mtungi wa kuchomelea vyuma, ukatoboa lile blanketi linalozuia joto, ukafikia mpira wa mafuta. Kusow aliishusha ndege chini ikiwa inawaka. Mwau alirudi ndani ya moshi akamvuta nje. Kusow akafa hospitalini. Mwanangu hakuungua ngozi hata kidole, lakini alichovuta kilimwunguza ndani. Madaktari wanasema mapafu yake yanageuka kovu, kidogo kidogo.

Sasa mjane wa Kusow ameshusha masanduku uani kwangu: madumu, chupa, mizani, barakoa, tanuri dogo la umeme. Ni mwembamba, ana miwani, anavaa buibui la kijivu. Anafundisha kemia chuo kimoja Machakos, amechukua likizo. Mwau alimshika mikono miwili, akacheka mpaka akakohoa. Tangu Machi sikuwa nimemsikia akicheka.

Abdille hakuketi. Ni mtu mnene, mzito wa maneno. Aliswali barazani kwangu, akanywa chai amesimama, akaondoka na mbuzi wake. Nilimtazama mgongo nikafikiri: huyu ndiye aliyewapa ile ndege.

9 Oktoba

Kikohozi cha asubuhi tu. Wameomba ile stoo ya zamani ya kahawa. Nikawapa.

Nilimwuliza Mwau wanatengeneza nini. Alinionyesha kipande kwenye mkebe, alichopewa alipokuwa masomoni Ujerumani. Nilidhani mkebe ni mtupu. Halafu nikaona kitu cha rangi ya samawati hafifu, kana kwamba mtu amekata ukungu wa asubuhi wa hapa Nunguni kwa kisu. Aliniwekea kiganjani. Sikusikia uzito.

"Inaitwa aerojeli," akasema. "Karibu yote ni hewa. Ni mchanga uliopikwa ukawa jeli, kisha maji yakatolewa polepole sana, jeli isijue kwamba imebaki bila maji. Hewa iliyo ndani imefungiwa vyumba vidogo mno, haina pa kutembea. Joto likiingia humo linapotea njia."

"Na ninyi mnaitaka ya nini?"

"Ya kufunga injini. Lile blanketi tulilokuwa nalo lilikuwa la kawaida, na lilikuwa limekaguliwa asubuhi ile, mwaitu. Mimi mwenyewe nililikagua. Halikuwa na kasoro. Ila moto ulipolishika halikushikilia hata kidogo. Lingetupa nafasi ya kutua tu, Kusow angekuwa hapa anakula maembe yako."

Nikarudisha ule ukungu kwenye mkebe.

14 Oktoba

Mvua! Kuanzia saa nane mpaka jioni. Matuta yameshika maji. Mwau alitaka kutoka asimame mvuani, nikamkataza.

17 Oktoba

Mutindi wa kwaya amekuja na maziwa, na maswali. "Mwalimu, huyu msichana wa Garissa atakaa mpaka lini? Watu wanauliza. Si mke wake, si dada yake."

Nilimwambia ni mambo ya kazi. Lakini ukweli ni kwamba nami nauliza. Wanakaa stoo tangu asubuhi, wanaongea lugha ya namba. Nikiingia wananyamaza kwa heshima, kama watoto darasani. Mwanangu ana pumzi kidogo, na anazitumia zote kwa yule mgeni.

20 Oktoba, Jumapili

Leo baada ya ibada walitufanyia onyesho uani. Mutindi alikuwapo, pia mchungaji. Jeli wanaichanganya hapa, inalowekwa kwenye spiriti siku nyingi, halafu Ismahan anaipeleka Machakos kukaushwa kwenye mashine ya chuo. Hiki kilikuwa kipande chao cha kwanza kizima, upana wa kitabu.

Ismahan alikiegemeza juu ya mawe matatu. Mwau aliniomba donge la mafuta ya kupikia, akaliweka juu. Kisha fundi wa mageti akawasha mtungi wake wa kuchomelea, akaelekeza moto chini ya kipande. Moto wa buluu, unaonguruma. Tukangoja donge liyeyuke. Chini kipande kikawa chekundu kama kaa. Donge likakaa vile vile, jeupe, na alama ya kijiko juu yake.

"Ni uchawi?" Mutindi akanong'ona.

"Ni hewa, mama," Mwau akasema, na macho yake yalikuwa yale ya utotoni.

Mchungaji akasema Mungu ni mkuu. Ismahan akasema amina, na Mutindi akamtazama.

23 Oktoba

Mvua. Mahindi yametokeza. Kikohozi, damu kidogo kwenye leso. Hakutaka nione.

28 Oktoba

Siku mbaya. Ismahan amerudi kutoka Machakos miguu imejaa tope, kwa sababu gari lilikwama chini ya kilima. Hakusalimu. Aliweka karatasi mezani akaifungua. Kile kipande kilikuwa kimejikunja kama ngozi ya mbuzi iliyokaa juani, kimepasuka kati, na ukikigusa kinamwaga unga.

"Dakika za mwanzo kilistahimili," alisema. "Halafu vile vyumba vikaanza kubomoka. Kikasinyaa. Mtungi wa fundi ulikuwa mahali pamoja na muda mfupi, Mwau. Tanuri la chuo lilikishika pande zote, mchana kutwa, na mtikiso juu yake."

Mwau aliukusanya ule unga kwa ukingo wa kiganja. "Mchanga peke yake hauwezi," akasema. "Tuchanganye na alumina, inavumilia moto zaidi. Na nyuzi zile za kauri, zishikilie mwili wake."

"Hiyo ni kuanza mwanzo."

"Basi tuanze."

Ismahan alitoka nje akasimama mvuani. Kupitia dirishani niliona mabega yake yanatikisika. Nilikuwa na mwavuli mkononi. Sikuenda.

2 Novemba

Naandika nikiwa na hasira, na aibu ndani ya hasira.

Tangu waanze na zile nyuzi kuna vumbi. Linakausha vidole mpaka vinapasuka. Leo nilimkuta Mwau stoo, barakoa shingoni, anakata shuka la nyuzi, vumbi limemkaa kwenye nyusi. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau. Nilimtoa kwa nguvu, nikamrudisha kwenye mashine yake ya oksijeni, kisha nikamwendea Ismahan aliyekuwa akifua kisimani.

"Mume wako amekufa," nikamwambia. "Mimi mwanangu bado. Kwa nini unammaliza?"

Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu. Nimeyaandika jinsi yalivyokuwa.

Aliikamua nguo, akaitundika, akapangusa mikono. Kisha akavua ufunguo shingoni mwake akanipa.

"Mama, stoo nimeifunga tangu nyuzi zifike. Nilimwambia kazi ya vumbi ni yangu peke yangu, yeye akae na hesabu. Leo nilipokuja kisimani amefungua kwa bisibisi. Kila siku tunagombana kwa hilo, kwa sauti ya chini, usisikie. Kaa nao wewe. Labda wewe atakuogopa."

Ndiyo maana siku hizi walikuwa wakinyamaza zaidi nikiingia.

3 Novemba, Jumapili

Niliomba msamaha kabla ya kanisa. Ismahan alisema, "Hata mimi ningesema hivyo, Mama." Ufunguo ninao mimi. Mwau amenuna kama mtoto.

9 Novemba

Nimetoa cherehani yangu.

Aerojeli mpya ni laini, imeshikana na nyuzi, lakini lazima ivalishwe kitambaa cha nyuzi za kioo nje na ndani ili isimwage vumbi kwenye injini, na kushonwa pindo kwa uzi wa chuma. Ismahan alijaribu kushona, pindo likaenda kona kona kama barabara ya Mukuyuni. Nilimwondoa kitini. Nimeshona sare za shule na za kwaya, blanketi la injini ni mstari ulionyooka tu, ingawa sindano zinavunjika. Mwau alikaa kitandani mlango ukiwa wazi, akinisomea vipimo.

"Acha nafasi hapo, mwaitu. Hapo ndipo pale."

"Pale wapi?"

"Moto ulipopenya. Ni kama ukubwa wa kiganja. Hapo weka tabaka mbili."

Niliweka tatu.

15 Novemba

Mvua bila kukoma. Maharagwe yamejaa maua. Ismahan amenifundisha kuweka hiliki kwenye chai ya maziwa. Mwau anakunywa.

23 Novemba

Natulia sasa tu kuandika ya juzi.

Kulipokucha mteremko wa chini uliporomoka, ukachukua nguzo mbili za stima na kipande cha barabara. Mashine ya oksijeni ikazima. Tuna mtungi wa akiba, lakini mtungi una mwisho. Niliwapigia kliniki. Gari lao lingefika jioni, na chini ya maporomoko tu. Vijana wa kanisa walikwenda sokoni Nunguni kutafuta jenereta. Ile ya baa ilikuwa imeharibika, ile ya shule imeazimwa Kikima. Mshale wa mtungi ukawa unashuka. Mwau alikuwa ameketi wima, anavuta hewa kwa shingo na mabega, macho yananitazama bila kupepesa. Ismahan alipunguza mtiririko kadiri alivyothubutu, akawa anahesabu pumzi zake kwa Kisomali, polepole, ili azifuate.

Wakati huo huo alimpigia Abdille. Abdille alikuwa Emali na lori la mbuzi. Sikumtegemea. Nilifikiri mtu mwenye mbuzi mnadani hawezi kuacha mnada.

Saa tisa mchana nilisikia sauti za watu chini ya matuta. Abdille alikuwa anapanda kwa miguu, viatu mkononi, mtungi wa oksijeni begani kama gunia. Nyuma yake wapakiaji wake, kila mmoja na mtungi waliouchukua hospitalini Emali. Kanzu yake ilikuwa tope mpaka kifuani. Alikuwa ameanguka, goti linavuja damu. Aliuweka mtungi mlangoni, akaketi palepale chini kwenye matope.

Ismahan alipounganisha mpira, rangi ya mwanangu ilirudi, kwanza masikioni.

Nilimletea Abdille maji ya moto ya kuosha goti. Nikauliza mbuzi wako wapi.

"Nimeacha barabarani, Mama. Mbuzi ni mbuzi." Akakunja kanzu juu ya goti. "Mimi si mtu ya maneno mingi. Kusow alikuwa mdogo wangu wa mwisho. Huyu kijana wako aliniletea yeye kutoka kwa moto. Niliweza kumshika mkono akiwa bado ananijua. Hiyo mimi siwezi kulipa."

Niliinamisha kichwa nikaendelea kuosha. Sijui kama aliona nalia.

24 Novemba, Jumapili

Mutindi amekuja na ile jenereta ya shule. Ameifuata Kikima mwenyewe, ikabebwa kwa mikono kupita maporomoko. Alimkuta Ismahan amesinzia kwenye kiti, akamfunika shali lake.

2 Desemba

Kliniki. Barabara imetengenezwa kidogo. Daktari alisoma daftari hili muda mrefu kuliko nilivyotaka. Alinipeleka kando akasema kovu limefika kote. Hakusema muda. Nilimshukuru kwa hilo.

Mwau alijua kwa kutazama jinsi nilivyofunga kifungo cha koti.

8 Desemba, Jumapili

Blanketi limekwisha. Limepita kwenye tanuri la Machakos, likakaa humo mchana na usiku, halikusinyaa. Sasa linatakiwa kufungwa kwenye injini halisi. Abdille amepata banda karibu na uwanja wa ndege wa Kitui, na injini ya aina ile ile, na fundi wa kuiwasha. Itakuwa Jumamosi.

Mwau ameniita baada ya chakula. Ismahan alikuwa amekaa pembeni, ameangalia chini.

"Mwaitu, nataka kwenda Kitui."

"Daktari amesema usitikiswe. Na kule ni joto."

"Najua alichosema. Nitalala kwenye lori, na mtungi. Abdille ataweka godoro. Nataka kuisikia ikiwaka, na kuweka mkono juu ya blanketi. Asai, tafadhali, mwaitu. Niruhusu."

Yeye ni mtu mzima. Angeweza kusema tu kwamba anakwenda. Lakini aliniomba, na kwa hivyo jibu likawa langu.

Niliwaza lile tope, zile kona za kushuka, na yeye akikata pumzi kwenye lori la mbuzi kando ya barabara, mimi nimeshika mtungi usio na kitu. Nikasema hapana. Nikasema utangoja hapa na mimi, Ismahan atakupigia simu utaisikia.

Alinitazama kidogo. "Sawa," akasema. Hata hakununa.

12 Desemba

Ismahan na Abdille wameondoka kwenda Kitui. Ismahan amelibeba blanketi mapajani kama mtoto mchanga. Mwau alimwambia mambo mengi ya injini, kisha akamwambia, "Usiangalie mshale wa joto tu. Liguse."

17 Desemba

Nimeshindwa kuandika siku hizi tatu.

Jumamosi kulikucha mvua. Mwau aliamka na nguvu, akaomba uji, akaomba nimwekee simu kifuani. Injini ingewashwa saa tano. Kufika saa tatu mtandao ulipotea, kwa sababu mnara wa Nunguni huwa hivyo mvua ikizidi. Nilitoka na simu mpaka tuta la juu, nikainyanyua, nikazunguka na mwavuli kama mwehu. Hakuna. Nilirudi nikamwambia itarudi.

"Saa ngapi sasa?"

"Saa tano imepita kidogo."

"Basi inanguruma," akasema. Alifunga macho akatega sikio, kana kwamba Kitui iko nyuma ya ukuta. Mkono wake ulikuwa juu ya blanketi lake la kulalia, umefunguka. Nikaushika. Alianza kunieleza inavyowashwa. Kwanza mlio mwembamba, halafu moto unashika, halafu unasikia kifuani zaidi ya masikioni. Maneno yakawa yanatoka mojamoja. Nilimwambia apumzike. Akasema, "Mwaitu, si vibaya. Nilipenda kukaa na wewe pia."

Sijui alijua nilikuwa nawaza nini.

Alikwenda kabla ya saa nane. Mashine iliendelea kumpulizia hewa, nami sikuizima. Mutindi ndiye aliyeizima.

Ismahan alirudi jioni. Abdille alimshusha mahali gari linapokomea, naye Ismahan akapanda matuta akikimbia. Nilimwona kutoka dirishani, buibui limelowa, blanketi ameliinua juu ya kichwa kwa mikono miwili lisiguse matope. Alikuwa anacheka. Kisha akaona viti uani, na akina mama wa kanisa, na turubai. Alisimama. Blanketi likashuka polepole mpaka kifuani.

Nilitoka nikamshika mkono.

"Limeshikilia?" nikauliza.

"Limeshikilia, Mama. Muda wote. Tulifungua ufa kwenye bomba makusudi, moto ukapiga pale pale. Limeshikilia."

"Njoo umwambie."

"Mama..."

"Amengoja siku nzima. Mwambie."

Akina mama walipisha njia. Ismahan aliketi kwenye kile kigoda changu kando ya kitanda, akalitandaza blanketi mapajani, akapangusa miwani. Alianza kama mtu anayesoma taarifa, sauti inakwama na kuendelea. Ndani joto lilifika digrii mia saba. Upande wa nje ungeweza kuweka mkono ukatoa bila kuungua. Mpira wa mafuta ulibaki laini, mzima. Pindo halikufumuka. Vumbi halikutoka. Fundi aliyewasha injini aliuliza ni nani ameshona. Palikuwa na weusi pale pa ukubwa wa kiganja, tabaka ya kwanza imeungua, ya pili ina rangi ya kahawa, ya tatu ni nyeupe.

"Nyeupe, Mwau," akasema. "Umesikia? Nyeupe kabisa."

Kisha akaweka paji la uso kwenye ukingo wa kitanda, nami nikaketi sakafuni kando yake, na mvua ikaendelea.

20 Desemba

Tumemzika leo kwenye tuta la juu. Mvua ilisimama kwa saa moja hivi. Abdille na watu wake walisimama nje ya ua wa michongoma, hawakutaka kuingia katikati ya nyimbo zetu. Mchungaji alipomaliza nilikwenda nikamleta Abdille mpaka kaburini. Alishika jembe akajaza udongo mpaka mwisho, hakumpisha mtu.

22 Desemba

Ismahan amerudi Machakos. Alikunja blanketi kwenye karatasi ya chuo. Wakaguzi wa ndege watataka mengine mengi, na miaka ya majaribio, kabla halijaruhusiwa hewani. Aliniambia bila kupamba. Nimemfungia maharagwe mabichi.

29 Desemba, Jumapili

Kanisani. Sikuimba.

4 Januari

Hakuna kikohozi cha kuandika. Nimefungua daftari tu.

11 Januari

Jua kali. Tumeng'oa maharagwe na Mutindi, yamejaa, mavuno ambayo sijayaona miaka mingi.

Mchana Abdille alituma video ya Kitui, ile nzima, tangu kuwashwa mpaka kuzimwa. Aliandika kwamba hakujua kama nitaitaka. Niliketi barazani na mikono yenye udongo nikaifungua.

Injini iko kwenye chuma cha kuishikilia, imevaa kazi yangu. Kweli kwanza ni mlio mwembamba. Kisha moto ukashika, na simu hii ndogo ikanitetemekea mkononi. Kwa muda nilitazama injini tu. Baadaye nikaona kwamba Ismahan yuko pembeni ya picha. Ana simu sikioni. Anaishusha, anaitazama, anabonyeza, anaipeleka tena sikioni. Halafu anainyoosha kuelekea injini kwa mkono wote, kana kwamba upande wa pili kuna mtu. Anairudisha sikioni. Anabonyeza tena. Alifanya hivyo mpaka walipozima. Hakutazama mishale hata mara moja.

Injini iliponyamaza alisogea, akavua glavu, akaweka viganja vyote viwili juu ya blanketi, akaviacha hapo. Abdille alisikika nyuma ya kamera akisema jambo kwa Kisomali, na picha ikageuka ukutani.

Ningemruhusu Mwau kwenda, angefia njiani pengine. Pengine angefika. Nimeligeuza hili kila upande na sioni mwisho wake, wala sidhani nitauona.

Niliosha mikono. Nikampigia Ismahan. Ililia mara moja tu akaishika.

"Mama?"

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Nikamwuliza kama amekula.